Julia Margaret Cameron: Mama aliyeanza kupiga picha akiwa na miaka 48, akageuza banda la kuku kuwa studio ya mwanga wa jua

Leo ukitaka picha nzuri unatoa simu mfukoni, unasogea karibu na dirisha, unabonyeza. Sekunde moja, kazi imekwisha.

Miaka ya 1860 haikuwa hivyo. Picha moja ilihitaji kioo kizito, dawa kali, ndoo za maji na mtu wa kukaa kimya bila kujitikisa kwa muda. Na zaidi ya yote ilihitaji jua. Likiingia mawinguni, kazi inasimama.

Katika mazingira hayo ndipo alipojitokeza mwanamama mmoja wa Kiingereza ambaye hakuwahi kusomea kazi hiyo, hakuwa kijana tena, na tayari alikuwa na watoto wakubwa. Jina lake Julia Margaret Cameron.

Wataalamu wa wakati wake walimcheka. Walisema picha zake zina ukungu, zina alama za vidole, zimejaa madoa. Lakini leo, zaidi ya miaka 140 tangu afariki, picha hizo zimo katika makumbusho makubwa duniani, na wengi wa waliomcheka hawakumbukwi hata majina.

Alifanya nini tofauti na wenzake?

Binti wa Calcutta

Julia alizaliwa Calcutta, India, Juni 11, 1815. Baba yake, James Pattle, alikuwa ofisa wa Kampuni ya India Mashariki. Mama yake, Adeline, alikuwa na asili ya Ufaransa, na sehemu kubwa ya utoto wake Julia aliipitisha huko Ufaransa.

Familia ya Pattle ilijulikana kwa mabinti zake. Wengi walisifiwa kwa uzuri. Julia hakuwa miongoni mwa waliosifiwa kwa sura. Yeye alijulikana kwa maneno mengi, ukarimu uliopitiliza na ubishi. Akishika jambo, haliachi.

Mwaka 1836 alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, ambako Waingereza wengi wa India walikuwa wakienda kupumzisha afya. Huko alikutana na watu wawili waliobadilisha maisha yake.

Wa kwanza ni Charles Hay Cameron, mwanasheria aliyemzidi miaka 20. Walioana Calcutta mwaka 1838. Bwana huyu alikuwa mmoja wa wajumbe wa tume iliyoandika rasimu ya Kanuni ya Adhabu ya India, sheria ambayo baadaye Waingereza waliileta mpaka Afrika Mashariki.

Wa pili ni Sir John Herschel, mwanasayansi mkubwa wa nyota, aliyekuwa amehamia Rasi na darubini zake ili achunguze anga la kusini. Herschel ndiye aliyekuwa amegundua, mwaka 1819, dawa inayoweza kuyeyusha chumvi za fedha. Miaka 20 baadaye dawa hiyohiyo ikawa ndiyo inayozuia picha isiendelee kuungua ikitolewa kwenye mwanga. Bila hiyo, picha ingekuwa nyeusi tii baada ya muda mfupi tu.

Julia aliporudi India, Herschel aliendelea kumwandikia kuhusu ugunduzi huo mpya wa picha, na hata kumtumia mifano. Kwa hiyo Julia aliijua fotografia tangu ikiwa changa kabisa. Ila ilimchukua zaidi ya miaka 20 mpaka ashike kamera yake mwenyewe.

Zawadi ya kumwondolea upweke

Mwaka 1848 familia ilihamia Uingereza. Mzee Cameron alikuwa amestaafu, na tegemeo lao kubwa likawa mashamba ya kahawa kule Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka.

Mwaka 1860 walinunua nyumba Freshwater, kijiji cha pwani katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Nyumba wakaiita Dimbola, jina la shamba lao la Ceylon. Jirani yao alikuwa Alfred Tennyson, mshairi aliyekuwa na jina kuliko wote nchini humo.

Mzee Cameron aliyapenda sana mashamba yake, na alikuwa akisafiri kwenda kuyaangalia. Wavulana nao walikuwa shuleni au ughaibuni. Binti yao pekee, aliyeitwa pia Julia, alikuwa ameolewa. Nyumba ikawa kimya.

Basi Desemba 1863, binti huyo na mumewe wakamletea mama zawadi: kamera. Nia yao ilikuwa apate kitu cha kujishughulisha nacho.

Bi. Cameron alikuwa na miaka 48. Kwa wakati ule, huo ulikuwa umri ambao mwanamke wa tabaka lake alitegemewa kukaa sebuleni na kusubiri wajukuu. Yeye akachukua stoo ya makaa ya mawe na kuifanya chumba cha giza cha kusafishia picha. Banda la kuku, ambalo lilikuwa na vioo, likawa studio. Kuku wakahamishwa.

Picha ya kwanza aliifuta kwa mkono

Mwanzo ulikuwa mgumu. Hakujua aweke wapi sanduku la dawa, wala jinsi ya kuweka fokasi. Alimlipa mkulima mmoja wa Freshwater nusu kroni kwa saa ili akae mbele ya kamera. Baada ya saa nyingi na fedha nyingi, picha ikatoka. Kwa furaha akakishika kile kioo, mkono ukapita upande wenye dawa, na picha yote ikafutika.

Wengi wangekata tamaa hapo hapo.

Januari 1864 akamweka binti mdogo wa jirani, Annie, mbele ya lensi. Safari hii ikakubali. Akaisafisha mwenyewe, akaichapa, akaiwekea fremu, na siku ileile akaipeleka kwa baba wa mtoto. Aliita picha hiyo mafanikio yake ya kwanza.

Ukiiangalia leo, mtoto yule amevaa koti lililofungwa vifungo, uso umegeuka pembeni, nywele zimetawanyika. Mwanga unamwangukia upande mmoja, upande wa pili unamezwa na kivuli. Alama yake yote ya baadaye tayari iko pale.

Katika mwaka huohuo wa 1864 alikuwa tayari ni mwanachama wa Chama cha Fotografia cha London, na akaanza kusajili hakimiliki ya picha zake. Hadi mwaka 1875 alikuwa amesajili 505. Mama huyu hakuwa anacheza.

Jua lilifanya kazi mara mbili

Ili kuelewa ubishi wake, lazima ujue kazi yenyewe ilivyokuwa.

- Kioo kilisafishwa mpaka king'ae, kisha kikamwagiwa dawa ya kunata iitwayo kolodioni.
- Kikatumbukizwa kwenye maji ya nitrati ya fedha, gizani, ili kiweze kushika mwanga.
- Kikapelekwa kwenye kamera kikiwa bado kimelowa. Kikikauka, kimeharibika.
- Picha ikapigwa, kioo kikarudishwa gizani haraka, kikasafishwa kwa dawa na kuoshwa kwa maji mengi.

Yote hayo yalitakiwa kufanyika ndani ya dakika chache. Nitrati ya fedha ilimtia weusi kwenye mikono na nguo, weusi usiotoka kwa sabuni. Wageni walizoea kumwona mama mwenye nyumba akitoka mbio na kioo mkononi, vidole vyeusi, nguo zimejaa madoa na zinanuka dawa.

Baada ya hapo kilifuata kuchapa. Kioo kililalishwa juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai na chumvi ya fedha, kisha vyote vikaanikwa juani mpaka picha itokee yenyewe kwenye karatasi. Yaani jua liliichora picha mara mbili: kwanza kwenye kioo ndani ya kamera, kisha kwenye karatasi nje.

Ukubwa nao ulikuwa tatizo. Vioo vya kamera yake ya kwanza vilikuwa na inchi 11 kwa 9. Mwaka 1866 akahamia kamera kubwa zaidi, ya vioo vya inchi 15 kwa 12. Wakati huo watu wengi walikuwa wakipenda vipicha vidogo vya kadi vya kubadilishana na marafiki. Yeye alitaka uso wa mtu ujaze picha nzima.

Alipunguza mwanga badala ya kuuongeza

Studio za biashara za wakati ule zilijengwa na paa la vioo ili mwanga umwagike kila upande. Mwanga mwingi ulimaanisha muda mfupi wa kukaa, na mteja hachoki. Uso unatoka mweupe wote, safi, bila kivuli. Nyuma panawekwa nguzo ya bandia, pazia na meza.

Bi. Cameron alikwenda kinyume. Alifunika sehemu kubwa ya vioo vya lile banda kwa mapazia, akaacha mwanga uingie kutoka upande mmoja tu, mara nyingi kutoka juu kidogo. Nyuma ya mtu akaweka giza. Uso ukawa unatokea gizani kama mwezi nyuma ya wingu.

Gharama ya uamuzi huo ilikuwa muda. Ukipunguza mwanga, lazima lensi ikae wazi muda mrefu zaidi. Waliokaa mbele ya kamera yake walisimulia kwamba walitakiwa kutulia dakika tatu, tano, hata saba. Jaribu kukaa dakika tano bila kupepesa macho wala kusogeza shingo uone. Lazima utatikisika kidogo, na mtikisiko huo ndio uliobaki kwenye picha kama ukungu laini.

Kuhusu fokasi, mwenyewe alieleza kwamba mwanzoni ilitokea kwa bahati. Alikuwa akizungusha lensi, akifika mahali ambapo uso unamvutia, anasimama hapo hapo. Wenzake waliendelea kuzungusha mpaka kila unywele uonekane. Yeye aliona kwamba ukifika huko, umeshampoteza mtu.

Halafu kulikuwa na jambo la rangi. Dawa ya wakati ule iliuona mwanga wa bluu vizuri, lakini wekundu na unjano haikuuona sawasawa. Ngozi yenye wekundu ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, mikunjo na mabaka yakajitokeza. Wapiga picha wengine waliona ni kasoro ya kufichwa. Kwa wazee aliowapiga, Bi. Cameron aliiacha ioneshe umri wao wote.

Wapishi, wajakazi na maprofesa kwenye kiti kimoja

Freshwater ilikuwa na wageni wengi kwa sababu ya Tennyson, na aliyekuja kwa Tennyson alikuwa hatarini kuishia kwa Bi. Cameron. Mwaka 1868 mshairi wa Marekani, Henry Wadsworth Longfellow, aliletwa na Tennyson mwenyewe, ambaye alimwonya atii kila atakachoambiwa na mama huyo, kisha akajiondokea.

Charles Darwin naye alifika Freshwater na familia yake majira ya joto ya mwaka huohuo, akapigwa picha. Ni miongoni mwa picha zake zinazojulikana sana hadi leo: uso wa pembeni, ndevu, paji la uso likipokea mwanga wote. Mwanahistoria Thomas Carlyle alikuwa ameshapigwa mwaka 1867, na kichwa chake kinaonekana kama jiwe ambalo bado linachongwa.

Lakini hakuwa mtu wa kuchagua wakubwa tu. Mary Hillier, mfanyakazi wa ndani wa nyumba yake, alipigwa mara nyingi sana akiwa kama Bikira Maria, hata watu wa kijijini wakawa wanamwita hivyo. Kwenye mwanga ule, mjakazi na profesa walipewa heshima sawa.

Mwingine alikuwa Mary Ryan, mtoto wa Kiireland aliyekuwa akiomba barabarani na mama yake jijini London. Bi. Cameron alimchukua, akamlea, akamsomesha. Baadaye Mary akawa anasaidia kuuza picha kwenye maonyesho London. Hapo kijana mmoja wa tabaka la juu, Henry Cotton, alimwona na hakumsahau. Walioana Freshwater mwaka 1867 na kwenda India, ambako Cotton alipanda vyeo serikalini. Baadaye alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1904 akawa rais wa chama cha Indian National Congress. Yule mtoto wa barabarani akawa Lady Cotton.

Kichwa cha Herschel

Kuna picha moja ambayo Bi. Cameron aliisubiri kwa miaka.

Tangu mwanzo alitaka kumpiga Herschel, mtu aliyemfundisha kuhusu fotografia hata kabla ulimwengu haujaizoea. Aprili 1867 alisafiri na vioo vyake, dawa zake na kamera yake kubwa mpaka nyumbani kwa mzee huyo, Kent.

Herschel alikuwa na miaka 75. Bi. Cameron alimwomba aoshe nywele kwanza, kisha akazivuruga ili mvi zishike mwanga. Akamzungushia giza, akaruhusu mwanga umwangukie kutoka upande.

Kilichotoka si picha ya mzee mwenye heshima zake aliyekaa kitini. Ni uso peke yake gizani, nywele zinawaka pande zote kama mwali, macho yamelowa na yanatazama mbali. Mtu aliyetumia maisha yake kuangalia mwanga wa nyota, sasa mwanga ulikuwa unamwangalia yeye.

Miaka minne baadaye, mwaka 1871, Herschel alifariki. Picha hiyo ndiyo inayotumika mpaka sasa watu wanapotaka kuonesha sura yake.

Mtoto wa mfalme wa Ethiopia mbele ya lensi

Julai 1868, kamera ya Bi. Cameron ilikutana na msiba uliotokea Afrika Mashariki.

Miezi mitatu nyuma, jeshi la Uingereza lilikuwa limevamia ngome ya Magdala, Ethiopia. Mfalme Tewodros II alijiua badala ya kukamatwa. Waingereza wakaondoka na hazina nyingi, na pia mwanawe wa miaka saba, Alemayehu. Mama wa mtoto, Malkia Tiruwork, alifariki njiani kabla hawajatoka nchini.

Mtoto huyo, yatima na mgeni kabisa, alipelekwa kisiwa cha Wight kumwona Malkia Victoria. Akakaa Freshwater chini ya Kapteni Tristram Speedy, ofisa aliyejua Kiamhari na ambaye mtoto alimng'ang'ania.

Bi. Cameron aliwapiga picha. Baadhi zilipangwa kama maigizo, Kapteni amevaa mavazi ya Kihabeshi, na ziliuzwa kwa umma uliokuwa na hamu ya habari za vita hiyo. Hapo mtu anaweza kumlaumu, kwa sababu mateso ya mtoto yaligeuka bidhaa.

Lakini mwanga ule ule ulifanya kazi yake. Ukimtazama Alemayehu kwenye picha hizo huoni nyara ya vita. Unaona mtoto amechoka, hana tabasamu, hana nyumbani. Alifariki Uingereza Novemba 1879 akiwa na miaka 18, na kuzikwa Windsor. Ethiopia imeomba mabaki yake yarudishwe. Mwaka 2023 Kasri la Buckingham lilikataa.

Waliomcheka

Katika kipindi chote hicho, majarida ya fotografia hayakumwonea huruma. Mwaka 1865 na baada yake wakosoaji waliandika kwamba hajui kutumia kamera, kwamba anatoa picha zenye michirizi na fokasi mbovu, na kwamba usanii hauwezi kuwa kisingizio cha kazi chafu.

Ukweli ni kwamba baadhi ya makosa hayakuwa ya makusudi. Dawa kwenye vioo vyake ilikuwa ikipasuka na kufanya nyufa kama za tope lililokauka, na aliwahi kuomba ushauri kwa wataalamu namna ya kuziokoa negativu zake. Hata hivyo, kioo kikipasuka lakini uso ukabaki na uhai, alikichapa hivyohivyo.

Nje ya wapiga picha, mambo yalikuwa tofauti. Wachoraji walimwelewa. G.F. Watts, mchoraji mkubwa wa wakati huo, alikuwa rafiki na mshauri wake. Ujerumani walimpa medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Berlin mwaka 1866. Makumbusho ya South Kensington jijini London, yale ambayo leo yanaitwa Victoria and Albert, yalinunua na kuonesha picha zake tangu mwaka 1865, na mwaka 1868 yakampa vyumba viwili avitumie kama studio.

Ila sifa hazilipi madeni. Vioo, dawa na karatasi vilikula fedha. Alitarajia picha zimsaidie kipato, kwa sababu mashamba ya kahawa yalikuwa hayaleti kama zamani. Kuanzia mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani uliingia Ceylon na kuanza kuiua kahawa ya kisiwa kizima. Mkulima yeyote wa kahawa anajua maana yake.

Msiba, kisha safari

Mwaka 1873 binti yake Julia, yule aliyemletea kamera, alifariki wakati wa kujifungua.

Mwaka uliofuata Bi. Cameron alianza kuandika historia ya kazi yake, akasimulia banda la kuku, mkulima wa nusu kroni na picha ya Annie. Hakuimaliza.

Wakati huohuo Tennyson alimwomba picha za kuambatana na mashairi yake ya Mfalme Arthur. Alifanya kazi kwa nguvu, akawavisha majirani na wageni mavazi ya kale. Kitabu kilipotoka, picha zilikuwa zimepunguzwa zikawa vielelezo vidogo. Hakuridhika, akachapisha matoleo yake mwenyewe yenye picha kubwa, mwishoni mwa 1874 na mwaka 1875.

Oktoba 1875 familia ikafunga mizigo kwenda Ceylon. Maisha kule yalikuwa nafuu, watoto wao wa kiume walikuwa huko, na mzee Cameron, aliyekuwa na miaka 80, alitaka kumalizia siku zake kwenye ardhi aliyoipenda. Inasimuliwa kwamba kwenye mizigo walibeba hata majeneza yao.

Kule jua lilikuwa tele kuliko Freshwater. Lakini kolodioni na joto havipatani, na dawa pamoja na maji safi vilikuwa shida kupata. Picha zake za Ceylon zilizobaki ni chache. Nyingi ni za watu wa kawaida wa kisiwani, wakiwemo wafanyakazi wa mashamba. Mwaka 1877 mchoraji msafiri Marianne North alimtembelea Kalutara, na bila shaka naye hakuponyoka: alipangwa chini ya kivuli cha miti, akapigwa picha.

Julia Margaret Cameron alifariki Ceylon Januari 26, 1879, akiwa na miaka 63. Mumewe alimfuata mwaka 1880. Wamelala pamoja kwenye uwanja wa kanisa dogo la Bogawantalawa, milimani, sehemu ambayo kahawa ilishakufa na sasa ni chai mpaka macho yanapoishia.

Kilichobaki

Kazi yake yote ilichukua takriban miaka 15, na kipindi kikubwa hasa ni kile cha miaka 11 ya Freshwater. Zaidi ya picha 1,200 tofauti zinajulikana.

Mmoja wa aliowapiga sana alikuwa Julia Jackson, binti wa dada yake. Binti huyo baadaye alimzaa mwandishi Virginia Woolf, na mwaka 1926 Woolf alisaidia kutoa kitabu kilichowarudisha watu kwenye picha za mama mkubwa huyo wa mama yake. Mtoto wa mwisho wa Bi. Cameron, aliyepewa jina la Henry Herschel kwa heshima ya yule mwanasayansi, naye alikuwa mpiga picha.

Nyumba ya Dimbola bado ipo Freshwater. Iliponea chupuchupu kubomolewa, na leo ni makumbusho.

Kinachowashangaza wapiga picha wa sasa, wenye taa, simu na programu za kila aina, ni kwamba ule ukungu aliochekwa nao sasa simu zinautengeneza kwa makusudi. Bonyeza sehemu ya picha za sura: nyuma panafifia, uso unabaki.

Yeye aliupata kwa banda la kuku, pazia na dirisha moja, halafu akamwomba mtu atulie mpaka jua limalize kazi yake.